Uvimbe adimu wa mishipa ya damu kwenye ini: hatua kwa hatua hadi jibu sahihi

Swali linalorudi kila mara ni hili. Mgonjwa wa miaka arobaini na kitu ana vinundu vingi kwenye ini. AFP (kialama cha saratani ya ini kwenye damu) iko kawaida. Kinyama (biopsi) kimechukuliwa na majibu yanasema "adenokasinoma, chanzo hakijulikani", yaani saratani ya seli za tezi isiyojulikana ilikoanzia. Chanzo kimetafutwa tumboni, kwenye utumbo mpana na kwenye matiti, hakuna kitu. Miaka miwili imepita bila dawa yoyote ya maana na mgonjwa bado anaenda kazini. Imekuwaje?

Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna aliyewaza mishipa ya damu: aliyejaza fomu ya maabara hakuiwaza, aliyesoma picha hakuiwaza, na aliyekaa kwenye hadubini hakuulizwa. Mwongozo huu ni kwa daktari wa wodi, daktari wa radiolojia anayeanza na mtaalamu wa maabara ya patholojia wanaokutana na kesi ya namna hii kwa mara ya kwanza.

Majina ya kukaa nayo kichwani si mengi. Hemanjioma ndiyo uvimbe usio saratani unaoonekana zaidi kwenye ini, na kwa kawaida hauhitaji kitu. Hemanjioendothelioma epithelioidi, ambayo hapa tutaiita EHE, ni saratani ya mwendo usiotabirika: mmoja anakaa nayo miaka mingi, mwingine inamkimbiza. Anjiosakoma ni kali na hupima maisha kwa miezi. Kuna pia sakoma ya Kaposi, ambayo kwa Afrika Mashariki si ngeni hata kidogo, na uvimbe wa mishipa midogo ya ini, ulioelezwa mwaka 2016 tu, unaofanana na anjiosakoma ingawa tabia yake ni ya upole zaidi.

EHE ya ini ilielezwa kwa kina mwaka 1984 katika wagonjwa 32. Mwaka 1999 ukatoka uchambuzi wa wagonjwa 137, na wengi wao walikuwa wamepewa kwanza jina la ugonjwa mwingine. Kosa hili lina gharama. Mgonjwa wa EHE anaweza kufikiriwa kupandikizwa ini, hata pengine akiwa na vinundu vichache nje ya ini. Mwenye anjiosakoma hapandikizwi, kwa sababu ugonjwa hurudi upesi mno.

Kabla ya kuanza, hakikisha unavyo hivi

- Historia kamili ya mgonjwa, pamoja na picha zote za zamani. Ripoti peke yake haitoshi, tafuta picha zenyewe.
- Majibu ya damu: picha kamili ya damu, INR (kipimo cha kuganda kwa damu), fibrinojeni (kigandishi cha damu) kama inapimika, vipimo vya ini, kreatinini, AFP, vialama vingine vya saratani CEA na CA 19-9, homa ya ini B na C, na VVU.
- Mashine ya CT yenye sindano ya mota ya kusukuma kontrasti (dawa ya kung'arisha picha), au MRI.
- Sindano ya kukata kinyama ya geji 18 au 16 pamoja na ala yake ya nje, na sponji ya jelatini ya kuzibia njia.
- Fomalini ya asilimia 10 iliyowekewa chumvi za fosfeti.
- Maabara yenye kingamwili za kupaka tishu, angalau za CD31, CD34 na ERG (vialama vya seli za mishipa ya damu) na keratini (kialama cha seli kama za tezi). Kama kwenu hazipo, jua mapema bloku, yaani kipande cha nta chenye kinyama, itapelekwa wapi.
- Namba ya simu ya mtaalamu wa patholojia atakayesoma. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Hatua ya 1: Uliza maswali ambayo fomu haiyaulizi

Uliza kazi. Anjiosakoma ya ini inahusishwa na gesi ya vinyl chloride, jambo lililojulikana mwaka 1974 baada ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha PVC huko Louisville, Kentucky, Marekani, kuugua. Usichanganye: anayehusika ni aliyefanya kazi mahali gesi hiyo inapogeuzwa kuwa plastiki. Fundi bomba anayekata na kuunganisha mabomba ya PVC hayumo. Uliza pia kuhusu aseniki, na kwa vijana wa jimu, kuhusu sindano na vidonge vya kujaza misuli. Thorotrast, kontrasti ya mionzi iliyotumika kati ya miaka ya 1930 na 1950, utaisoma vitabuni zaidi ya kuikuta kwa mgonjwa.

Onyo: wagonjwa wengi wa anjiosakoma, kama robo tatu, hawana kisababishi kinachojulikana. Historia safi haimwondoi mtu kwenye orodha.

Kagua ngozi na kaakaa la mdomo kutafuta madoa ya Kaposi. Dakika mbili hizo zinaweza kukuokolea sindano.

Hatua ya 2: Soma damu kama mpelelezi

Katika EHE vialama vya saratani huwa kawaida, na pengine fosfatasi ya alkali pekee ndiyo imepanda. Vinundu vingi, mgonjwa mwenye nguvu zake, na AFP, CEA na CA 19-9 zote kimya: hapo andika EHE kwenye orodha, hata ukiiweka ya tatu.

Chembe sahani zikiwa chini bila sababu, fibrinojeni nayo chini, na hemoglobini inashuka, waza anjiosakoma. Uvimbe huo hula chembe sahani na vigandishi vya damu ndani yake wenyewe, na unaweza kupasuka na kumwaga damu tumboni.

Homa ya ini B ikiwa chanya, kuna mtego. Kwetu ni ya kawaida, na kila uvimbe unaong'aa kwenye awamu ya ateri unaharakishwa kuitwa saratani ya seli za ini. LI-RADS, mfumo wa kupanga vinundu vya ini kwa sura ya picha, unaruhusu kutoa jibu hilo bila kinyama pale tu sura ya picha inapokamilika. Kinundu chenye sura ya shabaha, yaani duara ndani ya duara, kinaangukia kundi la LR-M, la saratani isiyo lazima ya seli za ini, na hapo kinyama kinahitajika.

Hatua ya 3: Ultrasaundi

Ichukulie kama mlango. Kinundu cheupe chenye mipaka safi kwa mtu asiye na ugonjwa wa ini wala historia ya saratani kwa kawaida ni hemanjioma. Vinundu vyeusi vingi, hasa vinavyogusa utando wa nje wa ini, vinahitaji hatua ya 4. Angalia wengu pia.

Hatua ya 4: Piga CT ya awamu nne

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoharibika. CT ya awamu moja, ile ya sekunde 70 inayopigwa kwa kila tumbo, haitenganishi uvimbe wa mishipa na metastasisi (saratani iliyosambaa kutoka kwingine).

1. Weka kanula ya geji 18 au 20 kwenye mshipa wa mkono sehemu ya kiwiko. Ya geji 22 kwenye kiganja haitahimili mwendo unaotakiwa.
2. Piga picha kavu kwanza. Inaonyesha damu iliyovuja na chembe za chokaa, vitu vinavyojificha kontrasti ikishaingia.
3. Ingiza kontrasti ya miligramu 350 za aidini kwa mililita, kiasi cha mililita 1.5 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anapata mililita 90. Mwendo uwe mililita 4 kwa sekunde, ukishindwa kabisa 3.
4. Awamu ya ateri iliyochelewa: sekunde 35 hadi 40. Utajua umepatia ukiona vena ya porta imeanza kushika dawa huku vena za ini bado hazijashika.
5. Awamu ya vena ya porta: sekunde 70 hadi 80.
6. Awamu ya kuchelewa: dakika 3 hadi 5. Usiiruke. EHE ina tishu ngumu ya kovu katikati inayoshika dawa polepole, na hemanjioma kubwa hujaa taratibu. Ukiondoa awamu hii umejinyima nusu ya ushahidi.

Ukipata MRI, afadhali zaidi: T2 (picha zinazoonyesha majimaji kwa weupe), picha za msambao wa maji, na awamu zilezile kwa gadolinium ya kawaida, milimoli 0.1 kwa kilo. Kwa tatizo hili usichague gadoxetate kama una hiari. Ini lenyewe linaanza kuifyonza mapema, na hemanjioma huonekana nyeusi kwenye dakika ya tatu kana kwamba imepoteza dawa. Watu wameandikiwa saratani kwa kosa hilo.

Hatua ya 5: Soma picha kwa mpangilio mmoja kila mara

Anza na swali la hemanjioma, kwa sababu ndilo linalojibika vizuri zaidi. Hemanjioma halisi hushika dawa pembeni kwa vibonge vinavyokatikakatika, visivyofanya pete kamili, kisha hujaa kuelekea ndani. Kipimo cha kweli ni hiki: weka alama kwenye aota na kwenye kibonge kinachong'aa, linganisha namba katika kila awamu. Kibonge cha hemanjioma hufuata damu ya aota, ikipanda kinapanda, ikishuka kinashuka. Kwenye T2 nacho ni cheupe sana. Ndogo, chini ya sentimita 2, inaweza kujaa yote kwa mkupuo mmoja kwenye awamu ya ateri, lakini bado itaifuata aota.

Anjiosakoma huiga sura hiyo. Tofauti ziko kwenye mambo madogo: mng'ao hafifu kuliko aota, vibonge vya maumbo ya ovyo, mng'ao unaoanzia katikati badala ya pembeni, damu iliyovuja ndani ya uvimbe, na vinundu kwenye wengu. Ripoti ya "hemanjioma nyingi" kwa mzee wa miaka 65 mwenye chembe sahani 70,000 usiipokee bila kuziona picha kwa macho yako.

Kwa EHE tafuta vitu vinne:

- Vinundu vingi vinavyopenda pembeni mwa ini na vinavyoungana vikikua.
- Utando wa ini umevutwa ndani juu ya kinundu. Uvimbe wa kawaida husukuma utando nje, huu unauvuta kwa sababu ya kovu lake. Kolanjiokasinoma (saratani ya njia za nyongo), hemanjioma iliyokakamaa na metastasisi zilizotibiwa nazo huvuta, kwa hiyo dalili hii peke yake haitoshi.
- Sura ya shabaha, inayoonekana vizuri zaidi kwenye T2 na kwenye picha za msambao wa maji.
- Vena ya ini au tawi la vena ya porta linalokuja limenyooka na kukomea ghafla ukingoni mwa kinundu, mfano wa pipi ya kijiti. Tembeza picha polepole ukifuata kila vena hadi mwisho wake, maana kwenye kipande kimoja hutaiona.

Mchukue mgonjwa hadi kifuani kwa CT kabla ya kinyama. Zaidi ya thuluthi ya wagonjwa wa EHE ya ini huwa na vinundu nje ya ini siku ya kwanza, na mapafu ni miongoni mwa sehemu za mbele.

Hatua ya 6: Amua kama kinyama kinahitajika, na je, ni salama

Hemanjioma iliyotimiza masharti haichomwi. Uvimbe unaoshukiwa kuwa mfuko wa minyoo ya hidatidi hauchomwi kabla ya kufanya serolojia, na hili lisisahaulike hasa kwa mgonjwa atokaye Turkana au kwa wafugaji wengine wanaoishi karibu na mbwa. Vinginevyo, EHE na anjiosakoma hazithibitishwi bila tishu.

Masharti ya chini: INR isizidi 1.5, chembe sahani zisiwe chini ya 50,000, fibrinojeni iwe juu ya miligramu 100 kwa desilita. Warfarini isimamishwe siku 5 na klopidogreli siku 5 hadi 7, baada ya kukubaliana na aliyeziandika. Kundi la damu lijulikane na damu iwepo benki.

Ukishuku anjiosakoma, usichome wodini kwa ultrasaundi ya mkononi jioni ya Ijumaa. Fanya asubuhi, upasuaji ukiwa na taarifa. Mgonjwa akiwa na maji tumboni au damu isiyoganda, njia ya kupitia mshipa wa shingo au kwa laparoskopi ni ya kuzungumzwa kwanza.

Hatua ya 7: Chukua kinyama kutoka ukingoni

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, nayo ina siri moja. Katikati ya EHE ni kovu lenye seli chache zilizosinyaa, pengine na chokaa. Katikati ya anjiosakoma ni damu na tishu iliyokufa. Uhai wa uvimbe uko ukingoni, mahali unapokutana na ini zima.

1. Chagua kinundu chenye tabaka la ini zima kati yake na utando, angalau sentimita 1 au 2. Ini hilo ndilo litakalobana njia ya sindano. Kinundu kinachogusa utando moja kwa moja kikivuja kinamwaga tumboni.
2. Ingiza ala ya nje hadi ukingoni mwa kinundu, mara moja tu. Sindano ya kukata ipite ndani yake mara nyingi bila kutoboa utando upya.
3. Kata vijiti 4. Viwili vielekee ukingoni, vikishika uvimbe na ini pamoja, kimoja kiende ndani kidogo, kimoja kitoke kwenye ini linaloonekana zima. Hicho cha mwisho watu hukiona cha kupoteza, kumbe uvimbe huu hutambaa ndani ya vijia vidogo vya damu mbali na kinundu.
4. Ziba njia kwa sponji ya jelatini unapotoa ala.
5. Pima presha na mapigo kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kila dakika 30 kwa saa mbili zinazofuata, kisha kila saa hadi saa 6 zitimie. Maumivu ya bega la kulia huwa ni utando uliokereka. Mapigo yakipanda huku presha ikishuka, rudisha ultrasaundi mara moja.

Sindano nyembamba ya kufyonza seli haifai hapa. Itakuletea damu, na damu kwenye slaidi haina jina.

Hatua ya 8: Fomalini, tena ya kweli

Kijiti kiingie fomalini papo hapo. Kuna sampuli zinazofika maabara ndani ya maji ya dripu, zimebebwa na ndugu wa mgonjwa kwa basi tangu asubuhi; seli zimeshavimba na kupasuka, na hakuna rangi itakayozirudisha. Mkabidhi ndugu kichupa kilichofungwa barabara, chenye jina na fomu, na umwambie siku ya kufika.

Lita moja ya fomalini inatengenezwa hivi: mililita 100 za fomalini kali, mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti, gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti isiyo na maji. Kwa uvimbe wa damu chumvi hizo si mapambo. Fomalini isiyo nazo hugeuka tindikali, ikikutana na damu nyingi inaacha punje za kahawia-nyeusi juu ya seli zote. Kiasi kiwe mara 10 hadi 20 ya sampuli. Muda: saa 6 hadi 72.

Kwenye fomu andika maneno haya wazi: "Vinundu vingi, vialama kawaida, utando umevutwa ndani. Tafadhali ondoa uvimbe wa mishipa ya damu, EHE na anjiosakoma." Sentensi hiyo inabadilisha vipimo vitakavyoagizwa kuliko barua ndefu ya rufaa.

Hatua ya 9: Kata bloku kwa ubahili

Gawa vijiti kwenye bloku mbili. Ukiviweka vyote kwenye moja, kila mara bloku inaporudi kwenye mashine ya kukatia inasawazishwa upya, na kila kusawazisha kunakula tishu. Kata mikroni 3 hadi 4, na siku hiyohiyo toa slaidi 10 zisizo na rangi juu ya vioo vilivyopakwa gundi ya kushikilia. Zihifadhi kwenye friji na kuzitumia ndani ya wiki chache. Bloku ya pili usiiguse, ndiyo ya kusafiri.

Hatua ya 10: Rangi za kawaida kwanza

Kwenye H&E (rangi ya kawaida ya patholojia) ya EHE tafuta seli za mviringo au zenye mikono zikielea kwenye tishu ya kati iliyo kama ute au kovu. Baadhi zina tundu ndani ya saitoplazimu. Ndani ya tundu hilo ukikuta chembe nyekundu moja au vipande vyake, umekaribia sana. Seli hizo ndizo zinazoitwa kimakosa seli za pete (seli za adenokasinoma zenye tundu la kamasi), na mgonjwa anapewa adenokasinoma.

Kwa maabara isiyo na kingamwili kuna kipimo cha bei nafuu: rangi ya kamasi. Tundu la adenokasinoma lina kamasi na litashika. Tundu la EHE halina. Kipimo hiki hakithibitishi EHE, lakini kinatosha kumzuia mtu kuandika "adenokasinoma" kwa haraka.

Angalia pia kama maeneo ya porta bado yapo ndani ya uvimbe, na kama vena za katikati zimezibwa na seli hizo. EHE hupita katikati ya muundo wa ini bila kuubomoa wote. Ndiyo maana kuna mgonjwa anayekuja na sura ya kuziba kwa vena za ini, akatibiwa hivyo, huku uvimbe ukiwa ndani ya vena zenyewe.

Anjiosakoma huonyesha seli zenye viini vikubwa vya maumbo ya ovyo zikitambaa juu ya safu za seli za ini, migawanyiko mingi na damu.

Hatua ya 11: Kingamwili, kwa awamu mbili

Awamu ya kwanza: ERG, CD31, CD34, keratini AE1/AE3, na HepPar-1 au arginase-1 (vialama vya seli za ini). Usiagize kumi na tano kwa mara moja, tishu itaisha kabla ya maswali.

Soma kwa tahadhari hizi:

- Keratini ikiwa chanya haiondoi EHE. Baadhi ya EHE hushika keratini, CK7 ikiwemo, na hapo ndipo kolanjiokasinoma huzaliwa kwenye ripoti.
- CD34 ikichora vijia vya damu katikati ya seli, hiyo ni tabia ya saratani ya seli za ini. Unachotafuta ni seli zenyewe za uvimbe kushika.
- CD31 hushika pia makrofaji na chembe sahani. Kwenye tishu yenye damu nyingi, itegemee ERG zaidi, nayo ishike kiini.
- Mishipa ya kawaida ndani ya kijiti lazima ishike ERG. Isiposhika, rudia kipimo kabla ya kusema uvimbe ni hasi.

Awamu ya pili, seli zikishathibitika ni za mishipa: CAMTA1, TFE3, HHV-8 (kirusi cha Kaposi) na Ki-67 (kipimo cha kasi ya seli kugawanyika). CAMTA1 kwenye viini inaelekeza moja kwa moja kwenye EHE, kwa sababu takribani asilimia 90 ya EHE hubeba muungano wa jeni WWTR1-CAMTA1, uliogunduliwa mwaka 2011. Wachache waliobaki wana YAP1-TFE3, na seli zao ni nene, za waridi, zenye mishipa iliyoumbika vizuri zaidi. HHV-8 chanya ni Kaposi. Ki-67 iliyo chini kwenye uvimbe wa mishipa midogo usio na viini vya ovyo inapaswa kukuzuia kuandika anjiosakoma.

Hatua ya 12: Jeni, pale tu mambo yasipokaa

CAMTA1 ikiwa wazi na sura inalingana, hatua hii si lazima. Ikiwa hasi, au kingamwili hiyo haipatikani, tuma bloku ya pili kwa kipimo cha FISH (kinachoonyesha jeni zilizokatika kwa alama zinazong'aa) au cha kusoma miungano ya jeni. Funga bloku vizuri na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, nta italainika. Kinyama kikitoka kwenye mfupa, kilainishwe kwa EDTA. Tindikali kali inaharibu jeni.

Mtoto mchanga ni hesabu nyingine

Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja fikiria hemanjioma ya utotoni na hepatoblastoma (saratani ya ini ya watoto). AFP usiisome kwa viwango vya watu wazima: mtoto anazaliwa nayo ikiwa makumi ya maelfu na inashuka taratibu kwa miezi. Vinundu vikiwa vingi pima TSH na homoni za tezi, maana hemanjioma hizo huvunja homoni na mtoto akapungukiwa. Kingamwili ya GLUT1 ikiwa chanya inathibitisha hemanjioma ya utotoni. Ile ya kuzaliwa nayo, ambayo kwa kawaida ni kinundu kimoja, huwa hasi.

Ukikwama

*Kinyama kimerudi "kovu tu" au "tishu iliyokufa".* Sindano ilikwenda katikati. Kaa na daktari wa radiolojia mbele ya picha, chagueni ukingo, rudieni. Kovu tupu kwenye kinundu kinachovuta utando si jibu la kumruhusu mgonjwa aende nyumbani.

*Majibu yanasema adenokasinoma, picha zinasema EHE.* Usianze kemotherapi bado. Omba bloku ileile ifanyiwe ERG na rangi ya kamasi. Hakuna haja ya kumchoma mgonjwa tena.

*Punje nyeusi zimefunika slaidi.* Ni rangi ya fomalini. Loweka slaidi iliyoondolewa nta kwenye alkoholi iliyokolea asidi ya pikriki, suuza vizuri, kisha paka rangi upya. Asidi ya pikriki isiachwe ikauke kwenye chupa, hulipuka.

*CD31 na CD34 chanya, CAMTA1 hasi, viini vya wastani.* Fanya TFE3. Ikiwa nayo hasi, andika "uvimbe wa mishipa ya damu, aina haijathibitishwa" na utume bloku. Jina la kubahatisha likishaingia kwenye faili, kulitoa ni kazi.

*Ripoti ya zamani ni "hemanjioma" na sasa vinundu vimeongezeka.* Hemanjioma inaweza kukua taratibu, lakini vinundu vipya vingi ndani ya miezi michache si tabia yake. Rudi hatua ya 4, na pima chembe sahani siku hiyohiyo.

*Damu haigandi na anjiosakoma inashukiwa sana.* Angalia kama kuna kinundu mahali rahisi zaidi, kama kwenye ngozi. Kama hakuna, njia ya mshipa wa shingo inaweza kuleta tishu ya kutosha, kwa kuwa uvimbe huu hutambaa kwenye vijia vya damu hata nje ya vinundu. Mgonjwa akiwa dhaifu kiasi kwamba jibu halitabadilisha matibabu, mweleze yeye na ndugu zake hivyo, na sindano ibaki kabatini.

*Mgonjwa anahamia hospitali nyingine.* Aondoke na diski ya picha, ripoti zote na namba ya bloku. Bloku yenyewe iende maabara kwa maabara, kwa barua na kwa saini.